Maumivu Madogo

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hii niliiandika ubaoni mara nyingi katika miaka yangu ya kufundisha, nikawataka wanafunzi waieleze kwa sentensi tatu, wala sikumbuki hata siku moja ambayo mimi mwenyewe nilikaa chini nikaifikiri. Mwalimu ana hatari hiyo: jambo analolifundisha sana huacha kulitazama. Nimekuja kulifikiri uzeeni, na kilichonilazimisha si kitabu wala mahubiri, bali tyubu ndogo ya dawa ya kupaka, ambayo binti yangu aliinunua Dar es Salaam akaileta Handeni ndani ya kikapu, pamoja na mkate na sukari.

Dawa hiyo ni ya ganzi. Hupakwa juu ya ngozi, hufunikwa kwa kipande cha plastiki, na baada ya saa moja hivi mahali pale hapasikii ncha ya sindano, au husikia kama mguso wa kidole tu. Binti yangu aliinunua kwa ajili ya mwanawe, mjukuu wangu wa kike wa miaka saba, ambaye amezaliwa na selimundu. Kwa msomaji asiyeufahamu, huu ni ugonjwa wa kurithi ambao chembe nyekundu za damu, zinazotakiwa kuwa za mviringo, hupinda mithili ya mundu, zikakwama katika mishipa midogo na kuleta maumivu makali ya mifupa pamoja na upungufu wa damu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa nao. Mtoto wa namna hii haijui sindano kama sisi tunavyoijua, yaani jambo la mara moja kwa mwaka au kwa miaka miwili. Hutobolewa kidole, hutolewa damu ya kupima, hutundikiwa dripu, na mshipa ukikataa mkono huu hutafutwa mkono wa pili, kisha mguu.

Nilipoelezwa kazi ya ile tyubu sikufurahi. Nilimwambia binti yangu, "Mwanangu, mtamlegeza huyu mtoto. Maisha yake yote yatakuwa ya sindano. Asipozoea sasa atazoea lini?"

Hakunijibu kwa ukali. Alisema tu, "Baba, amekwisha kuchomwa miaka sita. Hajazoea bado." Kisha akaenda jikoni.

Jibu hilo lilinikaa. Sisi wa rika langu tulilelewa katika imani kwamba maumivu ni shule, na ya kwanza katika shule hizo ilikuwa jando. Aliyetikisa kope mbele ya ngariba alijua kwamba habari zake zitafika kwa mama yake kabla yeye mwenyewe hajafika. Wala si Uzigua peke yake. Kule magharibi ya Kenya, kijana wa Kibukusu hupelekwa mtoni alfajiri, akapakwa matope ya baridi mwili mzima, kisha akasimama mbele ya kisu bila kupepesa macho. Watu husifu ujasiri wake, na wana haki ya kuusifu, ingawa nimewahi kujiuliza kama wale wazee wa kale hawakujua pia kwamba mwili uliotiwa baridi husikia kidogo. Kutoka jandoni tulikwenda shuleni, na shuleni ilikuwa fimbo. Kutoka shuleni tulikwenda chuo cha ualimu, ambako tulifundishwa saikolojia ya mtoto asubuhi, na jioni tukasimuliana jinsi tulivyochapwa, tukicheka.

Kwa hiyo hoja yangu ya "atazoea" haikuwa yangu peke yangu, ilikuwa ya kizazi kizima. Lakini ni kweli kwamba maumivu humzoesha mtoto maumivu? Mwaka 1997 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti wa Anna Taddio na wenzake wa Toronto, Kanada. Waliwatazama watoto wachanga wa kiume katika makundi matatu: waliotahiriwa baada ya kupakwa dawa ya ganzi, waliotahiriwa baada ya kupakwa krimu isiyo na dawa yoyote ndani yake, na wale ambao hawakutahiriwa kabisa. Miezi minne hadi sita baadaye watoto hao walipelekwa kuchomwa chanjo za kawaida, na watazamaji wakapima kilio na sura zao. Waliotahiriwa bila ganzi ndio walioonyesha maumivu makubwa zaidi kwenye sindano ile ya pajani, ambayo haikuhusiana kwa lolote na jeraha la kwanza. Waliopakwa ganzi walikuwa katikati. Wasiotahiriwa walilia kidogo kuliko wote. Yaani mwili wa mtoto ambaye hata jina lake hajalijua ulikuwa umeweka kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo haikumtia ugumu. Ilimtia woga.

Nilisoma habari hiyo nikanyamaza. Tunasema "atazoea" kana kwamba tumechunguza, kumbe tumesikia tu kwa waliotutangulia.

Sitaki msomaji adhani ninaitukana jando. Jandoni kulikuwa na mambo mengine ambayo sindano ya hospitali haina. Tulikuwa wengi, tulijua siku inakuja, tulifundishwa maana yake, tuliimbiwa, na tulipotoka tulitoka watu wengine, tunaheshimiwa. Maumivu yale yalikuwa na jina. Mtoto wa miaka saba anayeshikwa miguu na mtu mmoja na mabega na mtu wa pili, huku wa tatu akitafuta mshipa, hajifunzi ujasiri, anajifunza kwamba watu wazima ni wengi na wana nguvu. Na tukisema kweli, wajukuu wangu wa kiume wametahiriwa hospitalini kwa sindano ya ganzi, wala sijamsikia mzee yeyote wa Handeni akisema kwamba hawajawa wanaume.

Tena si kweli kwamba wazee wetu waliyaacha maumivu yatembee yapendavyo. Bibi yangu mzaa mama alipoumwa jino alitafuna karafuu akaibana pale penye tundu, akatulia. Leo tunajua kwamba karafuu ina mafuta ambayo kweli hutia ganzi, na madaktari wa meno wameyatumia kwa miaka mingi. Hakuna aliyemwambia bibi kwamba anajilegeza. Mtoto alipochomwa na mwiba mama alipaosha kwa maji ya vuguvugu, akapapuliza, akachokonoa taratibu kwa ncha ya pini huku akimhadithia jambo jingine kabisa. Methali ile ya mchelea mwana kulia haikumkataza. Nimeirudia sasa kama mwanafunzi wangu wa darasa la sita, na naona kwamba inasema juu ya mzazi anayeacha kufanya jambo la lazima kwa kuogopa kilio. Haisemi kwamba kilio chenyewe ni dawa. Mwiba lazima utoke. Lakini haikuandikwa popote kwamba lazima utolewe kwa ukatili.

Nakiri kosa langu la zamani, maana bila hilo haya yote yatakuwa maneno ya mtu aliyekaa barazani. Nilipokuwa mwalimu mkuu katika shule moja ya msingi, wahudumu wa afya walikuja siku moja kuchoma chanjo. Niliwapanga watoto mstari, nikasimama mbele yao kwa sauti ya paredi, nikasema, "Haiumi. Ni kama kuumwa na mbu." Sijui kwa nini sisi watu wazima tunampenda huyo mbu katika maneno yetu ya kuwafariji watoto, ilhali katika bonde la Korogwe na nyika ya Handeni hakuna kiumbe aliyezika watoto wengi kuliko yeye. Mtoto wa kwanza alichomwa akapiga ukelele. Mstari ulivunjika. Msichana mmoja wa darasa la nne aliruka dirishani akakimbilia kwenye shamba la mahindi. Nilituma wavulana wa darasa la saba wamrudishe, wakamrudisha, na mikono yake niliishika mwenyewe.

Miaka mingi baadaye nilishuka Mkata kununua machungwa. Muuzaji, mama wa makamo, aliniamkia shikamoo, akanijua kabla mimi sijamjua. Tuliulizana hali, akanitajia wanawe, akanipunguzia bei. Halafu akasema kwa kicheko, "Mwalimu, mpaka leo mtu akiniambia haiumi najua itauma." Nilicheka naye. Basi lilipoondoka niliona sicheki tena.

Nilichomdanganya hakikuwa kikubwa. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikimfundisha kwamba mwalimu hasemi uongo, na nilimwambia uongo mbele ya umati, juu ya mwili wake mwenyewe, jambo ambalo yeye ndiye aliyekuwa shahidi wa pekee. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Hapo ndipo lilipo swali zito la jambo hili dogo: ni nani mwenye haki ya kusema kwamba maumivu haya ni madogo? Daktari huyaita madogo kwa kuwa ameona makubwa. Mzazi huyaita madogo kwa kuwa ana haraka. Mwalimu huyaita madogo kwa kuwa mstari ni mrefu. Kila mmoja ana sababu yake, na hakuna hata mmoja kati yao mwenye sindano mkononi mwake akiwa upande wa ncha.

Wenye elimu kubwa nao wamejikwaa hapa. Hadi miaka ya 1980, katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani, watoto wachanga walikuwa wakipasuliwa kwa dawa kidogo mno za kuzuia maumivu, kwa dhana kwamba mishipa yao ya fahamu haijakomaa kiasi cha kusikia. Mwaka 1987 daktari Kanwaljeet Anand na wenzake wa Oxford walionyesha kwamba miili ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati ilitetereka vibaya kwa upasuaji wa namna hiyo, na kwamba waliopewa dawa kamili walikuwa na hali nzuri zaidi baadaye. Kwa hiyo wale watoto walikuwa wakisema miaka yote, ila lugha yao ilikuwa kilio, na kilio cha mtoto tumezoea kukihesabu kama kelele.

Dawa zenyewe si ngeni kama nilivyodhani. Mwaka 1884 kule Vienna, Karl Koller alidondosha maji yenye kokeini katika jicho, akaona kwamba linaweza kupasuliwa mgonjwa akiwa macho. Kokeini ina madhara yake ambayo kila mtu anayajua, kwa hiyo wataalamu waliendelea kutafuta. Mwaka 1943 Nils Löfgren wa Stockholm alitengeneza lidokaini, na mwenzake kijana, Bengt Lundqvist, akajichoma mwenyewe ili aone kama inafanya kazi. Napenda habari hiyo. Kabla ya kumwambia mtu haiumi, yule bwana alianza na mwili wake.

Namna inavyofanya kazi ni rahisi kueleza hata kwa darasa la saba. Habari ya maumivu husafiri katika neva kwa chembe za sodiamu, ndugu wa chumvi ya mezani, zinazoingia kupitia vilango vidogo vidogo. Lidokaini huvifunga vilango hivyo kwa muda, na habari hukatika njiani. Tatizo lilikuwa ngozi, ambayo imeumbwa izuie vitu visiingie. Katika miaka ya 1980 Wasweden waligundua kwamba lidokaini na dawa nyingine, prilokaini, ambazo kila moja peke yake ni kitu kigumu, zikichanganywa sawa kwa sawa hugeuka mafuta katika joto la kawaida la chumba, na mafuta hayo hupenya. Lakini hupenya polepole. Baada ya dakika 60 ganzi hufika kama milimita 3 chini ya ngozi, na baada ya dakika 120 kama milimita 5. Kwa hiyo kwa sindano ya kutoa damu hufaa sana, na kwa chanjo inayoingia ndani ya nyama ya paja husaidia ncha inapopita, ila haizuii msukumo wote wa dawa ndani ya msuli. Wala si ya kupakwa ovyo. Prilokaini ikizidi huweza kuifanya damu ishindwe kubeba hewa vizuri, hasa kwa mtoto mchanga wa miezi ya mwanzo, na kwa mtu anayetumia baadhi ya dawa, zikiwamo za salfa na kadhaa za malaria zinazojulikana sana kwetu. Mtu asiipake bila kumwuliza mtaalamu.

Basi dawa ipo, inajulikana, na ina miaka zaidi ya 40. Kwa nini haipo katika kliniki za watoto? Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri wa kupunguza maumivu wakati wa kuchanja. Humo yamo mambo mazuri: mama amnyonyeshe mtoto mchanga kabla na wakati wa kuchomwa; mtoto apakatwe, akae wima, asilazwe chali na kukandamizwa; inapochomwa zaidi ya moja, ile inayouma zaidi iwe ya mwisho; mhudumu asivute bomba nyuma kutafuta damu kabla ya kusukuma dawa; tena mhudumu awe mtulivu na asiseme maneno ya uongo. Nilipofika kwenye shauri hilo la mwisho nilimkumbuka yule mama wa machungwa. Ama juu ya dawa za ganzi za kupaka, walikubali kwamba zinafaa, lakini hawakuzipendekeza kwa mipango ya chanjo ya kitaifa, kwa sababu ni ghali, hazipatikani kwa urahisi, na zinachukua muda.

Ghali, nakubali. Tyubu ile ndogo ilizidi bei ya debe la mahindi, na hapo Handeni, penye miaka ya ukame, debe la mahindi si kitu cha kutania. Waziri mwenye fedha za kununua ama chanjo ama ganzi, na asinunue chanjo, simtetei. Lakini hoja ya muda imenishangaza. Muda ni gharama kwa nani? Mama anayetoka kijijini kwenda kliniki huondoka alfajiri, hufika, huweka kadi yake mezani, kisha huketi kwenye benchi saa mbili, saa tatu, pengine zaidi. Ile saa moja inayohitajika ili ganzi ipenye ipo pale kwenye benchi, imekaa bure, kila siku, katika kila zahanati. Tumekuwa tukiwapotezea kina mama saa zao bila kuzihesabu, halafu inapokuja saa ambayo ingemfaa mtoto ndipo tunasema muda ni mali. Sisi wenyewe hatukuhitaji hata benchi. Binti yangu alimpaka mtoto nyumbani Handeni kabla ya kupanda gari la Korogwe, na barabara ilifanya kazi iliyobaki.

Na nikiitaja Korogwe, kuna jambo ambalo watu wake hawajasimuliwa vya kutosha. Mwaka 2007 watafiti walianza kuijaribu chanjo ya malaria iitwayo RTS,S kwa watoto 894 wa miezi 5 hadi 17, baadhi yao Kilifi nchini Kenya na wengine hapa Korogwe. Nusu walichomwa chanjo hiyo na nusu walichomwa ya kichaa cha mbwa ili ilinganishwe. Matokeo yaliyotangazwa mwishoni mwa 2008 yalionyesha kwamba ile mpya ilipunguza homa za malaria kwa asilimia 53 katika muda waliofuatiliwa. Kati ya 2009 na 2014 jaribio kubwa zaidi lilifanyika katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, kwa watoto zaidi ya 15,000, na Korogwe ilikuwamo tena, pamoja na Bagamoyo. Mwaka 2019 chanjo ilianza kutumika kwa majaribio ya utoaji Malawi, Ghana na Kenya, na tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza itumike kwa watoto wa maeneo yenye malaria.

Sindano hizo ziliingia katika mikono ya watoto wa Manundu na vijiji vya pembeni. Walichomwa chanjo mara tatu, mwezi baada ya mwezi, wakatolewa na damu. Wazazi wao walitia sahihi au kidole gumba. Wao wenyewe hawakutia chochote, hawakuulizwa kwa kuwa hawakujua kusema, na waliokuwa wa kwanza kufaidika na chanjo hiyo katika huduma za kawaida walikuwa watoto wa nchi nyingine. Sisemi walidhulumiwa. Jaribio lile lilikuwa la haki na la lazima, na kama wajukuu zangu wangekuwa na umri ule ningewapeleka. Nasema tu kwamba mtu akibeba maumivu kwa faida ya mwingine, yule anayefaidika ana deni, na njia ya kwanza ya kulikiri deni ni kutosema kwamba halikuwa kitu. Wapo Korogwe leo vijana wanaokaribia miaka ishirini ambao walilia kwa ajili ya dunia nzima na hawakumbuki.

Nirudi kwenye safari yetu. Siku hiyo nilikwenda nao, kwa ubishi zaidi kuliko kwa upendo, nilitaka nione. Katika hospitali moja tulikaa kwenye benchi refu. Mjukuu wangu alikuwa na vipande viwili vya plastiki, kimoja kwa kila kiwiko cha mkono, akivitazama kama mtu aliyevaa bangili. Pembeni yetu alikaa mvulana wa umri wake pamoja na bibi yake, naye ana selimundu vilevile, macho ya manjano. Watoto wakaanza kuzungumza. Mvulana akauliza ile ni nini, akaelezwa. Akauliza, "Hausikii kabisa?" Mjukuu wangu akasema, "Nasikia ananishika." Kisha akanigeukia. "Babu, na huyu?"

Tyubu ilikuwa katika mkoba wa mama yake, na dawa ilibaki zaidi ya nusu. Nilinyanyuka nikaenda kwa muuguzi, mama mtu mzima mwenye sauti ya upole, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mzee wangu, mtoto huyo simjui ametumia dawa gani nyumbani, siwezi kumpaka hivi hivi. Na hata nikimpaka leo, Alhamisi ijayo atakuja tena bila tyubu yako. Na hawa wengine kumi na wanne?" Alinyoosha mkono kuelekea kwenye benchi. "Wamekwisha kukusikia."

Kweli walikuwa wamesikia. Bibi wa yule mvulana aliinamisha kichwa, si kwa hasira, kwa aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyeomba. Nimefikiri sana juu ya aibu ile. Kabla hatujafika, watoto wote kumi na watano walikuwa wakichomwa sawasawa, na hakuna aliyeona kama jambo linaweza kuwa vingine. Sisi ndio tulioleta tofauti, ndani ya mkoba. Je, ingekuwa heri mjukuu wangu naye aumie ili benchi libaki sawa? Hilo siwezi kulikubali, maana usawa wa kuumizana haujamfaa mtu bado. Lakini pia siwezi kujifanya kwamba hatukuchukua kitu pale. Tulikuwa tumewanyang'anya wale wengine lile neno lao la kujifariji, kwamba ndivyo ilivyo.

Mjukuu wangu aliitwa, akaingia, akatoka baada ya dakika chache akiwa na pamba mkononi. Hakulia. Nilisubiri furaha yangu ije, ikaja nusu.

Yule mvulana alikuwa wa tatu baada yake. Bibi yake alishindwa kumpandisha kwenye kiti, kwa hiyo nilimwomba ruhusa, naye akaniruhusu. Nilimpakata akiwa amekaa wima, mgongo wake kifuani kwangu, mkono mmoja nikauacha huru ashike kidole changu. Muuguzi alikuwa anafunga mpira juu ya kiwiko. Mvulana akaniuliza kwa sauti ndogo, "Itauma?"

Nikamwambia, "Itauma. Si kwa muda mrefu. Hesabu na mimi mpaka kumi, ukitaka kulia lia."

Alianza moja, mbili. Kwenye nne alikibana kidole changu kwa nguvu nisizozitarajia katika mtoto mgonjwa, akanyamaza, machozi yakashuka, halafu akaendelea tano, sita, saba. Tulipofika kumi damu ilikuwa bado inaingia kwenye chupa, kwa hiyo tukaanza upya.